Kizimba cha paka ni kinga ya nyumba nzima

Huenda ukashangaa kuona daktari wa watu akiandika juu ya paka katika ukurasa wa afya. Usishangae. Wagonjwa wanaonijia kwa sababu ya paka si haba. Kuna mtoto aliyeparurwa usoni. Kuna mama mjamzito aliyesikia maneno ya kutisha kuhusu paka na sasa hapati usingizi. Kuna kijana aliyeumwa kidole alipokuwa akimwachanisha paka wake na paka wa jirani. Nikiuliza jambo lilitokea wapi, mara nyingi jibu ni moja: lilitokea nje, au lilitokea ndani baada ya paka kurudi kutoka huko nje.

Wakazi wengi wa mjini wametambua hatari hiyo, na kwa hivyo huwafungia paka wao ndani kutwa kucha. Hawana makosa. Nje kuna matatu, kuna mbwa koko, na kuna jirani aliyechoshwa na panya ambaye ametega sumu ya vile vipakiti visivyo na lebo vinavyochuuzwa barabarani. Lakini paka asiyetoka kabisa naye ana shida zake. Hunenepa kupita kiasi, hukwaruza viti, hukojoa kitandani, na baadhi yao hupata ugonjwa wa kisukari kama sisi binadamu tunaokaa bila kujinyoosha. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Walimjua vizuri. Ni mnyama wa kuwinda, kupanda na kuota jua, na sahani iliyojaa haiondoi tamaa hiyo.

Kati ya kumwachia azurure na kumfungia ndani kuna njia ya tatu: kumjengea kizimba cha nje kilichoungana na nyumba, au ujia wa waya unaotoka dirishani hadi uani, ili apate hewa na jua bila kukutana na hatari. Somo letu la leo ni jinsi ya kukijenga. Nami nitalieleza kwa jicho la daktari zaidi ya jicho la seremala, kwa sababu vizimba vingi nilivyoviona vimejengwa kwa wazo moja tu, kwamba paka asitoke. Hilo ni nusu ya kazi. Kizimba kizuri ni kile ambacho mnyama wa nje hawezi kukigusa kilicho ndani.

Hatari inayotoka nje

Ugonjwa wa kwanza ninaoufikiria ni kichaa cha mbwa. Jina lake limewapoteza wengi wakidhani ni wa mbwa peke yake. Ni kweli kwamba mbwa ndiye anayesababisha takriban visa vyote vya binadamu duniani, lakini paka naye huupata, kwa kuumwa na mbwa au mnyama wa mwituni mwenye virusi, na akisha kuupata huwa mkali ajabu. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa pembezoni mwa Nairobi, na haujatutoka hadi leo. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana nao ifikapo 2030. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, hatuna dawa ya kumponya. Mwenye kuukinga ataishi. Mwenye kungoja dalili, takriban kila mara atakufa.

Kwa hiyo fikiria kizimba kilichozungushiwa waya mtupu kuanzia chini hadi juu. Paka wako amelala akiliegemea lile waya. Mbwa koko anapita usiku, anamnusa, na meno yanakutana na mkia au ukucha uliopenya kwenye tundu. Hukuona chochote. Wiki chache baadaye paka anabadilika tabia na kumwuma mtoto. Ni kwa sababu hiyo ninasisitiza jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: sehemu ya chini ya kizimba, futi mbili hivi kutoka ardhini, iwe ya mbao nzima, mabati au matofali, si waya. Paka hatakosa chochote, kwani yeye hupenda kutazama mambo akiwa juu. Mbwa naye atakosa pa kuingizia pua.

Kizimba hakichukui nafasi ya chanjo. Paka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa akifika umri wa miezi mitatu, kisha chanjo irudiwe kila mwaka au jinsi daktari wa mifugo atakavyokuelekeza, hata kama hatii mguu barabarani. Mlango huachwa wazi siku moja tu katika mwaka na siku hiyo inatosha.

Na ikiwa mtu ameumwa au kuparurwa na paka asiyejulikana, au hata na paka wenu aliyetoroka akarudi, osheni kidonda hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani; tazama saa. Usipake mafuta ya taa, pilipili, wala majani ya aina yoyote. Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo, ukaulize kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na sindano ya pepopunda. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Tundu linaloacha ni dogo, ngozi hujifunga upesi, na viini hubaki vimefungiwa ndani karibu na mfupa na kano. Mkono unaweza kuvimba na kuwa mwekundu kabla ya siku moja kwisha. Watu hudharau kidonda hicho kwa sababu hakitoki damu nyingi. Afadhali lile jeraha la kuchukiza la mbwa, kwani angalau mwenyewe hukimbilia kliniki.

Mama mjamzito asimtupe paka

Jambo la pili ni toksoplasma, vijidudu ambavyo paka huvipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika macho au ubongo. Watu wenye kinga hafifu ya mwili, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao hawajaanza dawa au wameziacha, nao wanaweza kupata uvimbe katika ubongo. Habari hizi zikifika mtaani huwa zimegeuka kuwa amri: ukipata mimba, tupa paka.

Haihitajiki. Paka aliyeambukizwa hutoa mayai ya vijidudu hivyo katika kinyesi kwa wiki moja hadi tatu tu, kwa kawaida mara moja katika maisha yake. Tena mayai hayo yakitoka hayaambukizi papo hapo. Huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari hupungua sana. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine nyumbani, na kama hakuna mwingine, mama avae glavu na kunawa kwa sabuni baadaye. Kusema kweli, nyama isiyoiva vizuri na sukuma wiki isiyooshwa humletea mama hatari hiyo zaidi ya kumpakata paka wake.

Hapo ndipo kizimba kinapoingia. Paka asiyewinda na asiyelishwa nyama mbichi hana pa kuvipata vijidudu hivyo. Lakini ikiwa sakafu ya kizimba ni udongo mtupu, umemjengea choo ambacho hakifagiwi. Atafukua, atafukia, na mayai yatakaa udongoni kwa miezi mingi yakingoja mtoto wa kuchezea matope. Kwa hiyo ninapendelea sakafu ya saruji yenye mteremko mdogo wa kupitisha maji, au vigae vya saruji vilivyopangwa karibu karibu. Weka beseni la mchanga ndani, lizoleshe kila asubuhi, taka zifungwe kwenye karatasi na kutupwa pamoja na takataka nyingine. Zisitiwe kwenye mbolea ya bustani ya mboga. Ukitaka apate nyasi za kutafuna, zioteshe katika kopo.

Waya gani, mbao gani

Sasa tuje kwenye ujenzi wenyewe. Waya wa kuku ndio wa bei nafuu na ndio kila mtu huukimbilia. Unafaa kuku. Paka mkubwa aliyeshtuka anaweza kuupanua, na mbwa mwenye nia huurarua kwa dakika chache. Nunua waya wa miraba uliochomelewa, ambao madukani huitwa weldimeshi, wenye matundu yasiyozidi inchi moja. Kama mtaa wenu una panya wengi, tafuta wa matundu ya nusu inchi, kama ule wanaoutumia wakulima kuanikia kahawa, kwa sababu panya mdogo hupenya tundu la inchi moja bila taabu, na panya akiingia kizimbani atawindwa na kuliwa, nawe utakuwa umeirudisha ile toksoplasma kwa mlango wa nyuma.

Kwa fremu, mbao za mbili kwa mbili zinatosha kizimba kidogo, na za tatu kwa mbili ni bora zaidi ikiwa utaweka paa la bati. Gikomba utazipata za kila aina. Ukipenda chuma, mafundi wa Kamukunji watakuchomelea fremu na kuileta vipande vipande, ukaifunga mwenyewe kwa nati. Chuma chenye uwazi ndani, yaani bomba, kizibwe juu. Bomba lililo wazi hushika maji ya mvua, na mbu wa aina ya Aedes, wale wanaouma mchana, hawahitaji zaidi ya hapo kuzaana. Wakazi wa Mombasa wanaokumbuka homa ya chikungunya ya 2017 na 2018, watu wakitembea wameinama kwa maumivu ya viungo, hawatalichukulia hili kuwa jambo dogo. Kwa sababu iyo hiyo, maji ya kunywa ya paka yabadilishwe kila siku na chombo kisuguliwe.

Kuhusu dawa za mbao nina neno. Wengi wetu hupaka nguzo oili chafu ya gari ili mchwa wasizile. Paka hujilamba mwili mzima. Kila kinachoshika manyoya yake huishia tumboni. Usipake oili hiyo, wala lami, mahali atakapojisugua. Nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, zile zenye rangi ya kijani, mara nyingi huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Zitumie kwa nguzo za nje ukipenda, lakini fundi afunike pua na mdomo anapozikata, na unga wake uzolewe. Na tafadhali sana, vipande vilivyobaki visitiwe jikoni kuchemshia chai. Moshi na majivu ya mbao hizo ni sumu, na nimeona watu wakivifurahia vipande hivyo kama kuni za bure.

Ukubwa? Kwa paka mmoja au wawili, urefu wa futi 6, upana wa futi 4 na kimo cha futi 6 ni mwanzo mzuri. Kimo hicho si kwa ajili ya paka tu bali kwa ajili yako. Kizimba ambacho mtu mzima hawezi kuingia akiwa wima hakifagiliwi. Kitafagiliwa wiki ya kwanza, wiki ya pili mgongo utauma, na mwezi wa pili utaanza kunuka. Ndani weka vibao vya kukalia vyenye upana wa inchi 10 au 12, kimoja juu ya kingine kwa mwachano wa futi moja na nusu hivi, na gogo lenye gome la kukwaruza. Paka mzee au mwenye miguu mibovu apewe ngazi za karibu zaidi.

Juu pazibwe. Paka haogopi ukuta wa futi 6, na paka dume wa mtaani haogopi pia. Nusu ya paa iwe bati au kitu kingine kigumu cha kuleta kivuli na kuzuia mvua, nusu iwe waya ili jua lipite. Kisumu na Mombasa kivuli ndicho kitu cha kwanza, kwani bati lenyewe hutoa joto kali. Liinue juu na uache hewa ipite chini yake. Nairobi mwezi wa Julai ni kinyume, paka atataka kasha lenye blanketi kuukuu. Paka mweupe, hasa masikio na pua, hupata saratani ya ngozi kutokana na jua kama wanavyoipata ndugu zetu wenye ualbino, na katika nchi iliyopitiwa na ikweta hilo si jambo la kubahatisha. Kidonda kwenye ncha ya sikio la paka mweupe kisichopona kionyeshwe daktari wa mifugo mapema.

Chini nako kunahitaji kazi. Ikiwa hukumwaga saruji, chimba mtaro wa futi moja kuzunguka kizimba na kuushusha waya humo, au uulaze waya juu ya ardhi kuelekea nje kama sketi, kisha uufunike kwa mawe. Mbwa akija kufukua, atafukua hapo hapo penye waya na kukata tamaa.

Mlango ndio unaoshinda vizimba vingi. Mlango mmoja hautoshi. Ukiingia na beseni mkononi, paka yuko nje kabla hujageuka. Tengeneza milango miwili na kijisebule cha futi tatu katikati, ambapo mlango wa pili haufunguliwi kabla ya wa kwanza kufungwa. Bawaba ziwe imara na milango yote ifunguke kwa kuvutwa ndani ya kijisebule. Komeo liwekwe juu ambapo mtoto hafiki, na liweze kufunguliwa kutoka pande zote mbili. Mtu mzima aliyejifungia ndani ya kizimba cha paka, simu ikiwa imebaki mezani, ni kichekesho ambacho majirani hawatakisahau.

Ujia kutoka dirishani

Nyumba zetu zina jambo moja linalorahisisha ujenzi wa ujia. Karibu kila dirisha lina vyuma vya kuzuia wezi, na kati ya vyuma hivyo mara nyingi paka hupita bila shida. Kwa hiyo huhitaji kuvunja ukuta. Unachohitaji ni sanduku refu la waya linaloanzia dirishani, likafungwa kwenye vyuma hivyo kwa nati au nyaya nene, na kufuata ukuta hadi kwenye kizimba.

Upana wa ndani uwe futi moja na kimo inchi 12 hadi 14. Chini weka ubao, kwa sababu paka hawapendi kutembea juu ya waya na kucha zao hunasa. Kama una paka wawili wasiopatana, fanya sehemu pana kila baada ya futi chache ili mmoja aweze kumpisha mwenzake. Ujia mwembamba wenye paka wawili waliokutana katikati ni vita, nawe ndiwe utakayenyoosha mkono kuamua. Hapo tumerudi kwa yule kijana wa kidole. Kwa sababu hiyo pia weka vifuniko vinavyofunguka kila baada ya futi 6 ili umfikie paka mgonjwa au aliyenaswa bila kulazimika kumvuta mkia.

Ujia unaopita ardhini uwe na zile pande ngumu nilizozitaja. Ulio juu, futi 6 au 7 kutoka chini, hauna haja nazo na pia hauzuii watu kupita.

Angalizo moja ambalo halihusu paka. Usizibe dirisha ambalo ndilo pekee la kutokea moto ukizuka. Nyumba zetu zimefungwa vyuma kiasi kwamba mara nyingi tunajizuia wenyewe. Ikiwa una dirisha moja lenye vyuma vya kufunguka, liache hilo. Na kioo cha dirisha la paka kifungwe usiku, paka akiwa ndani. Mwizi mwenye kijiti chenye ndoano hahitaji nafasi kubwa. Palipo na malaria, ning'iniza kipande cha wavu wa mbu chenye mpasuo kwenye tundu hilo. Paka hujifunza kuupita kwa siku mbili.

Wanaoishi ghorofani

Najua wengi wenu hamna ua. Mna roshani ya futi 4 kwa 8, yenye kamba ya nguo na jiko la gesi. Hiyo yatosha, ila iheshimuni. Watu husema paka akianguka huangukia miguu, hafi. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo wa New York walichapisha taarifa ya paka 132 walioanguka kutoka ghorofani na kuletwa hospitalini kwao. Wapatao asilimia 90 ya waliotibiwa walipona, na watu wakaishika namba hiyo kama ushahidi wa miujiza. Wanasahau mambo mawili. Kwanza, paka aliyekufa papo hapo hakupelekwa hospitali, kwa hiyo hakuhesabiwa. Pili, waliopona wengi wao walikuwa wamevunjika mbavu, taya au miguu, au mapafu yao yameumia. Paka hupenda kufuata ndege kwa macho, na macho yakifuata mwili hufuata.

Funga waya kuanzia sakafu ya roshani hadi dari, juu ya fremu zilizobanwa kwa nati na si kwa misumari ukutani, ili siku ya kuhama uzichukue. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Wengi hukubali wakihakikishiwa kuwa ukuta hautatobolewa. Wavu wa nailoni, hata ule wa kuvulia samaki, hutafunwa na jua huuchakaza. Mwenye mtoto mdogo atapata faida maradufu, maana waya uliomzuia paka humzuia mtoto pia. Lakini usiweke vibao vya paka karibu na ukingo mahali ambapo waya haujafika juu. Kwa mtoto wa miaka miwili, hiyo ni ngazi.

Ndugu zetu wa Lamu watacheka wakisoma haya. Katika mji wao wa kale, wenye vichochoro ambamo gari haliwezi kupita, paka ni wa mtaa mzima, na hakuna aliyewahi kufikiria kumjengea kizimba. Nawaelewa. Hoja ya magari huko haina nguvu. Hoja ya chanjo ina nguvu pale pale. Kwingineko mambo yameenda mbali upande wa pili: huko Canberra, mji mkuu wa Australia, paka wote waliozaliwa kuanzia 1 Julai 2022 sharti wazuiwe ndani ya makazi ya wenyewe, sababu kubwa ikiwa ni kulinda ndege na wanyama wadogo wa mwituni. Sidhani tutafika huko karibuni, lakini chiriku wa bustani yako hawatakataa.

Mimea na dawa

Chunguza kinachoota karibu na kizimba. Maua ya lili, yale marefu yanayouzwa kwa harusi na mazishi, huua figo za paka hata akilamba chavua yake tu. Oleanda ni sumu kwa moyo, wake na wa mtoto wako. Mnyaa, ambao wengi wetu tumeupanda kuwa ua, hutoa utomvu mweupe unaochoma macho vibaya sana, na watu waliourukia machoni wakati wa kupogoa nimewaona. Paka anayejisugua humo huja kuusugua kwenye mikono yako.

Kusafishia kizimba tumia sabuni na maji mengi. Ile dawa ya kuua viini inayogeuka nyeupe kama maziwa ikichanganywa na maji, inayopatikana kila nyumba, haimfai paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuvunja kemikali za jamii hiyo. Kwa sababu iyo hiyo usimpe dawa zako. Kidonge kimoja cha paracetamol chaweza kumuua. Dawa ya viroboto iliyoandikwa kuwa ya mbwa, hasa yenye permethrin, isimguse. Viroboto wenyewe ni lazima wadhibitiwe kwa dawa ya paka, maana ugonjwa wa kuvimba tezi baada ya kuparurwa na paka huanza na kinyesi cha viroboto kilichoshika kwenye kucha. Mtoto mwenye mabaka ya duara yanayowasha kichwani, yaani choa, wengine huita mashilingi, aletwe kliniki, na paka naye atazamwe manyoya.

Jike ambaye hajafungwa kizazi na dume ambaye hajahasiwa hawatatulia kizimbani hata ukiwajengea kasri. Watalia usiku, dume atarusha mkojo kwenye waya, na madume ya mtaa mzima yatakuja kupigana nje. Shughulikia hilo kwanza, kisha ndipo umwite fundi.

Kazi ikiisha, usimtupe paka ndani na kufunga mlango. Mwachie dirisha wazi, weka chakula mwanzoni mwa ujia, kesho sogeza sahani futi moja mbele, na uendelee hivyo. Wengine huchukua siku moja, wengine wiki mbili. Kaa naye humo jioni chache, ukitazama anajaribu kupenyea wapi. Yeye ndiye mkaguzi bora kuliko fundi. Baadaye kagua waya mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ya masika na kabla ya mvua ya vuli, ukitafuta kutu, misumari iliyochomoza na mbao zilizooza chini. Na kadi ya chanjo ya paka iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, si kwenye droo ya seremala, kwa sababu paka akimparura mgeni wako, tarehe iliyoandikwa humo ndiyo nitakayoiuliza kwanza.